Sifa za Maotea

Katika mashamba ya kahawa ya Mbozi kila kitu kina msemaji wake. Mbolea ina muuzaji, dawa ya kutu ina bwana shamba, matandazo yana semina zake, na kahawa yenyewe ina chama cha msingi, bodi na mnada. Maotea hayana mtu. Yale machipukizi laini ya kijani kibichi yanayochomoza kwenye shina la mbuni mvua zikianza, yakapanda juu moja kwa moja bila kugeuka kushoto wala kulia, hutajwa kwa ajili ya kazi moja tu, nayo ni kuondolewa. Mtoto wa mkulima hujifunza kuyabandua kabla mikono yake haijaweza kuchuma. Nimeamua kuyasemea, na nitayasemea kwa moyo wote, kwa sababu kadiri ninavyoyachunguza ndivyo ninavyoona kwamba mmea mzima wa kahawa unaishi kwa hisani yake.

Nianze na mashtaka, maana ni ya kweli. Maotea hunywa maji na kula chakula ambacho mkulima alikikusudia kwa matunda. Hujaza katikati ya mti hadi mwanga usipite, na penye giza na unyevu magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani hustawi. Antestia, yule mdudu anayefyonza matunda machanga, hupenda mbuni uliofungamana kuliko uliopogolewa, na dawa ikipulizwa huishia kwenye majani ya nje. Tena hayachagui wakati mzuri. Mbozi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na katika miezi hiyohiyo mahindi na maharage yanadai palizi. Mwenye shamba akiyaondoa Desemba, Februari yamerudi, na mahali palipokuwa na moja pana matatu. Na juu ya yote hayo, chipukizi la maotea lenyewe halitoi ua. Linaweza kupita urefu wa mtu, shina lake lisiwe na tunda hata moja.

Sikatai hata neno moja katika hayo. Ninachosema ni kwamba mashtaka yote yanahusu msimu mmoja, na mbuni hauhesabu maisha yake kwa msimu mmoja.

Mbozi Mission ni mahali pazuri pa kutolea utetezi huu. Wamoravia walianzisha kituo hapa mwaka 1899, na katika zama hizo za ukoloni kahawa nayo ilizipata nyanda hizi za Songwe, ikakuta ardhi nzuri, baridi ya kiasi na mvua ya kutosha. Leo mwenye shamba akikupitisha katika mibuni yake anaweza kukwambia kwa fahari kwamba ni ya babu yake. Anasema kweli, ila kweli hiyo iko chini ya ardhi na katika kipande kifupi cha kisiki. Mizizi ndiyo ya babu. Shina unalolishika, lenye gome la kijivu na matawi yaliyoinamishwa na matunda, babu hakulipanda. Ni chipukizi ambalo mtu fulani, mwaka fulani, alilifikia, akainua mkono, kisha akaliacha. Huenda kabla yake lilikuwapo shina jingine ambalo nalo lilianza hivyohivyo. Shamba la urithi ni ukoo wa maotea yaliyosamehewa.

Ili kuona kwa nini inakuwa hivyo, ni lazima kuutazama mbuni kwa karibu, kifundo kwa kifundo. Mbuni una matawi ya namna mbili, na tofauti yake si ya umri wala ya unene. Shina hukua wima. Matawi ya pembeni hutoka kwenye shina na kutandaa, na hayo ndiyo yanayochanua na kuzaa. Kwenye kila kifundo cha shina majani mawili hutazamana, na kwapani mwa kila jani kuna macho kadhaa yaliyojipanga kwa safu, moja juu ya jingine. Kwa kahawa ya arabika, kwapa moja kwa kawaida huwa na macho manne hadi sita, madogo kiasi kwamba mengi hayaonekani bila kioo cha kukuzia. Jicho la juu kabisa lina kazi moja, ya kutoa tawi la pembeni. Likishalitoa limemaliza. Tawi hilo likivunjika au likikauka, kwapa lile halina jicho jingine la kulirudisha, na mkulima mzoefu anajua kwamba pengo la namna hiyo kwenye shina halizibiki.

Macho yaliyo chini yake hukaa kimya. Yanaweza kukaa mwaka mmoja, yanaweza kukaa miongo, shina likinenepa na gome likiyafunika, matunda yakija na kuondoka juu yake. Ni ile mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya moshi wa jikoni, ambayo hata mwezi wa njaa hakuna mwenye akili anayeishusha kuisaga. Siku yakiamka, macho haya hutoa kitu cha aina moja tu, tawi la wima. Hayo ndiyo maotea yetu, na kila moja lina uwezo wa kuwa shina kamili, lenye vifundo vyake, makwapa yake, matawi yake ya pembeni na akiba yake mpya ya macho yanayolala. Kwa hiyo shtaka la kwamba hayazai nalijibu hivi: shina halizai popote kwenye mbuni wowote. Linazaa wazaao.

Kuna jaribio moja ambalo watu wa kahawa wanalijua vizuri na ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kufanywa katika kila shule ya msingi ya Mbozi. Kata kipande cha tawi la pembeni, kioteshe. Kitatoa mizizi. Kitaishi, kitaongeza majani, hata maua kinaweza kutoa. Lakini hakitasimama. Kitatambaa na kutandaa karibu na udongo, mwaka huu na mwaka ujao, kichaka kisicho na shina. Hakuna mbolea wala mti wa kuegemea utakaokifundisha kwenda juu. Sasa kata kipande cha chipukizi la maotea kutoka kwenye mti uleule, kioteshe kando yake. Hicho kitasimama, kitapanda, na kwa wakati wake kitatoa matawi ya pembeni na kuwa mbuni.

Vipande vyote viwili vimetoka kwa mzazi mmoja. Karibu kila seli hai ndani yake ina maelekezo yaleyale ya urithi, neno kwa neno. Kilichotofautiana ni kwamba tishu ya tawi la pembeni imekwisha kuamua maisha yake, na uamuzi huo haufutiki hata likitengwa na mti na kupewa mizizi yake lenyewe. Limekuwa mzazi wa matunda na litabaki hivyo. Tishu ya maotea haijafunga mlango. Ndiyo maana nayapenda. Katika mti ambao karibu kila sehemu yake imekwisha kuchagua, maotea ni sehemu ambayo bado inaweza kuwa yote.

Kuchagua huko kuna gharama kubwa kuliko tunavyodhani. Katika ncha ya kila chipukizi, kwenye eneo lisilofika upana wa milimita moja, kuna tishu ya ukuaji inayoitwa meristemu. Seli zake ni ndogo, zenye kuta nyembamba, na kazi yake ni kugawanyika. Zile zinazobaki kileleni huendelea kuwa changa. Zile zinazosukumwa pembeni na kuachwa chini ndizo zinazoanza kuwa kitu. Nyingine huwa ngozi ya nje, hujipaka nta na kuufunga mmea usipoteze maji. Nyingine hujaa klorofili na kutengeneza sukari. Kwenye jani la kahawa, vitundu vya kupumulia viko upande wa chini tu, na kila kimoja kinalindwa na seli mbili ambazo hazina kazi nyingine ila kufungua na kufunga.

Zinazonigusa zaidi ni seli za zailemu, yaani mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Seli inayokuwa mrija hurefuka, hujijengea kuta nene, huziimarisha kwa lignini, kisha hufa. Kiini chake huyeyuka, kuta za miisho hutoboka, na kinachobaki ni bomba tupu lililounganika na mabomba ya wenzake. Seli hiyo huanza kazi yake siku inapokufa. Jirani yake, seli ya floemu inayoteremsha sukari, haifi, lakini hupoteza kiini chake na kuishi kwa kutegemea seli sahibu iliyo kando yake. Ukishika mbao ya mbuni mkavu umeshika mamilioni ya seli zilizokufa kwa ajili ya maji, na hakuna hata moja inayoweza kurudi nyuma ikaanza upya. Kati ya zailemu na floemu kuna kambiamu, utando mwembamba wa seli changa zinazogawanyika pande mbili, ndani zikiongeza mbao na nje zikiongeza floemu, na hivyo ndivyo shina linavyonenepa. Lakini kambiamu hunenepesha tu shina lililopo. Ili mti uwe na shina jipya unahitaji ncha mpya, na ncha mpya za mbuni mzima ziko katika yale macho yaliyonyamaza.

Kwa nini basi yananyamaza, na nani huyaamsha? Hapa mkulima anahusika kuliko anavyopenda kukubali. Ncha ya shina inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha jambo hili kwa miche ya maharage mapana. Walikata ncha, macho ya pembeni yakaamka. Wakakata ncha za mimea mingine na kuweka oksini mahali palipokatwa, macho yakaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Wataalamu waliofuata waliongeza homoni nyingine katika maelezo hayo. Sitokinini, ambazo kwa sehemu hutoka mizizini, husukuma macho yaamke, na Skoog huyohuyo, akiwa na Carlos Miller mwaka 1957, alionyesha kwamba uwiano wa hizo mbili ndio unaoamua kama kipande cha tishu kitatoa mizizi au machipukizi.

Kwa hiyo anayekata kilele cha mbuni ili mti usimpite kimo, ambaye ni kila mkulima mwenye busara, ndiye anayeyaita maotea. Yanakuja kwa kuwa yameitwa. Mti umepoteza ncha, mizizi bado inapandisha maji na chakula kama zamani, na kazi ya kutafuta ncha nyingine imeanza. Lipinde shina bila kulikata, utapata jibu lilelile, maotea yatajipanga mgongoni mwa upinde huo. Wakulima wengi hutumia njia hiyo makusudi wanapotaka mashina mengi kutoka kwenye mche mmoja.

Tabia hii mbuni haukujifunzia shambani. Arabika ni mti wa misitu ya milimani ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, unaokua chini ya kivuli cha miti mikubwa. Anayeishi chini ya miti mikubwa huangukiwa. Matawi huporomoka, miti mizima hulala, na kijiti cha kahawa kilichovunjwa au kulazwa chini kina njia moja tu ya kurudi kwenye mwanga, nayo ni kusimamisha shina jingine kutoka kwenye macho yaliyobaki. Mibuni yetu ni kizazi cha ile iliyoweza. Panga la Mbozi, kwa upande wa mmea, ni tawi jingine lililoanguka msituni.

Yupo adui mmoja ambaye mbele yake maotea hufanya kazi ya mpiga mbiu. Bungua mweupe ni mbawakawa ambaye viluwiluwi wake hutafuna gome chini kabisa ya shina, wakilizunguka polepole. Duara likikamilika floemu imekatika, sukari ya majani haifiki tena mizizini, na mti huanza kuwa wa njano kuanzia juu. Mara nyingi, kabla mkulima hajashuku lolote, maotea huwa yamechomoza chini ya sehemu iliyotafunwa, kwa sababu oksini kutoka juu imekatishwa njiani. Ukiyaona maotea mengi shingoni mwa mbuni ambao hujaugusa kwa panga, piga magoti uchunguze gome, utafute unga wa mbao. Na hata ukichelewa, yale majani machache ya maotea yaliyo chini ya jeraha ndiyo yanayoendelea kuilisha mizizi wakati shina la juu linakufa. Anayeyabandua siku hiyo kwa mazoea amekata riziki ya mwisho ya mti wake.

Lakini kazi kubwa zaidi ya maotea ni dhidi ya uzee. Mbuni wa arabika huzaa hasa kwenye mbao changa, ile sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Kifundo kilichokwisha kuzaa huzaa kidogo sana tena, au hakizai. Kila mwaka, basi, matunda husogea mbele kuelekea ncha za matawi, na nyuma yake huacha fimbo tupu. Ndiyo maana mbuni mzee ambao haujahudumiwa hufanana na mwavuli, majani na matunda machache juu na pembeni, katikati vijiti. Ukiupa mbolea utairefusha safari ya maji kufika kwenye ncha hizo, mavuno yatapanda kidogo, kisha yatashuka. Ugonjwa huo hauna dawa ya dukani. Dawa yake ni kuukata mti kisiki, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasituame, kiasi cha sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, na kungoja.

Nimeshawaona watu wakisimama mbele ya shamba lililokatwa visiki na kuhuzunika kana kwamba kuna msiba. Nawaelewa, maana ni mavuno ya misimu miwili yaliyolala chini. Lakini wiki chache baada ya mvua kisiki kilichoonekana kama ukuni hutoa macho mengi, kutoka kwenye makwapa ya majani yaliyoanguka miaka mingi sana iliyopita. Wanaotaka kupunguza hasara huacha shina moja la zamani liendelee kuilisha mizizi mpaka maotea yapate nguvu, kisha hulikata. Mibuni iliyokatwa namna hiyo huanza kuzaa mapema kuliko mche mpya, kwa kuwa mizizi iliyokwisha kuenea haina haja ya kuanza upya.

Dunia nzima ya kahawa imewahi kuegemea jambo hili. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya jimbo la Paraná huko Brazil, bei ikapanda hadi walevi wa kahawa wa Marekani wakalalamika bungeni, na wakulima wa Afrika Mashariki wa wakati ule wakazionja fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuziona. Kule Paraná wengi waling'oa kahawa na kupanda mazao mengine. Waliobaki na mibuni iliyoungua hadi chini walikuwa na tumaini moja, macho yaliyokuwa hai chini ya gome. Mashamba yaliyorudi bila kupandwa upya yalirudishwa na maotea.

Hapa kwetu yamefanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko la Brazil. Chulebuni ilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ilikuwa imeingia Tanzania. Ni ugonjwa wa kuvu unaoozesha tunda likiwa bado la kijani, na mkulima asiyepuliza dawa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Kutu ya majani ilikuwa na sifa mbaya ya zamani zaidi, maana ndiyo iliyoangamiza kahawa ya Sri Lanka baada ya kuonekana huko mwaka 1869. Kwa muda mrefu jibu la yote mawili lilikuwa dawa ya shaba, bomba la mgongoni na deni. Watafiti wa Lyamungu, kule Kilimanjaro, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, walichukua njia ya ndoa. Walizichanganya aina zetu tamu na kahawa zenye ukinzani, mojawapo ile ya Timor ambayo ni mtoto wa arabika na robusta waliokutana wenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, iliendeleza kazi hiyo, na mwaka 2005 chotara za kwanza zilitolewa kwa wakulima, zikiwamo za ukoo wa N 39 na KP 423.

Tatizo la chotara linajulikana kwa kila aliyewahi kupanda mbegu ya mahindi ya chotara mara ya pili. Ukipanda mbegu zake, watoto hutawanyika, huyu amechukua ukinzani, yule amechukua udhaifu, na huwezi kuwajua kwa macho. Mti bora lazima uzidishwe bila mbegu. Na kwa yale niliyoyaeleza kuhusu tawi la pembeni, mkono wowote unaokwenda kukata kipande cha kuotesha lazima uende kwenye tawi la wima. Yaani uende kwenye maotea.

Ndiyo maana katika kituo cha TaCRI cha Mbimba, hapahapa Mbozi, na katika vitalu vya vikundi vya wakulima, kuna kitu kiitwacho bustani mama. Humo mibuni hupandwa kwa karibu na kupindwa au kukatwa makusudi ili itoe kwa wingi kile ambacho shamba la jirani linatupa nje ya uzio. Machipukizi yakifika kimo kinachofaa hukatwa yakiwa bado ya kijani, kabla mbao haijakomaa, kwa kuwa tishu iliyokwisha kuwa mbao ni ngumu kuigeuza mawazo. Hugawanywa kifundo kwa kifundo kuwa vikonyo. Majani hupunguzwa nusu ili kikonyo kisikaukiwe kabla hakijapata mizizi, kisha hufunikwa kwa nailoni kivulini na kumwagiliwa.

Kinachotokea chini ya nailoni hiyo ni jambo la ajabu, na ningetamani kila mkulima alione angalau mara moja. Seli zilizo karibu na jeraha, ambazo jana zilikuwa za shina, hugawanyika na kufanya uvimbe mweupe. Karibu na kambiamu nyingine hupangika upya, zikatengeneza ncha ya mzizi mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mzizi. Miezi mitatu au minne baadaye kikonyo kina mizizi yake. Hakuna mbegu iliyohusika, wala ua. Ni mti uleule, umeanza upya mahali pengine, na ukinzani wake wote umeuchukua. Maabara zimekwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Mwaka 1970 mtafiti Staritsky alifanikiwa kupata viinitete vya kahawa ya robusta, jamaa ya ile ya Kagera, bila mbegu, na tishu aliyoanza nayo ilitoka kwenye machipukizi ya wima. Yeye naye aliyaendea maotea.

Kwa hiyo nawasihi wenye mashamba, kutoka Mlowo na Vwawa hadi vijiji vinavyoizunguka Misheni. Sisemi muyaache yote. Mbuni ulioachiwa maotea yake yote utakuwa kichaka cha antestia, na mengi ni lazima yaende, mapema, yakiwa bado yanabanduka kwa kidole gumba bila kuacha jeraha la panga. Ninachoomba ni dakika moja ya kutazama kabla ya kubandua. Lililo chini, karibu na kisiki, nene, lisilo na jeraha, lililoelekea upande wenye nafasi, liache. Kwenye kisiki kipya acha mawili au matatu yaliyoachana, uondoe mengine. Ukiwa na chotara iliyovumilia chulebuni na jirani akakuomba mche, usimkatie tawi la pembeni, hata kama ndilo lenye afya zaidi. Mkatie chipukizi la wima. Na anayebandua awe mtu anayejua anachotafuta. Kazi hii kwa kawaida huachiwa watoto na vibarua wa siku, nayo ndiyo inayoamua shina gani litabeba kahawa ya nyumba hiyo kwa miaka mitano au saba ijayo.